Tuweke turbo kwenye jipi yetu?

Maneno ya fundi wa chama mbele ya mkutano wa wanachama, Kasongo. Tumeyaandika jinsi alivyoyasema, tumepunguza tu pale aliporudia.



Papa Presida amenipa nusu saa. Mimi ni mtu wa mikono, si mtu wa maneno, lakini kwa hii habari ya turbo ningeweza kukaa hapa mpaka jioni. Mnajua ilivyoanza. Kijana wetu anayekaa Ulaya, mtoto wa mwanachama, aliandika kwamba yeye na wenzake wamechanga makuta na wako tayari kununua turbo kamili pamoja na bomba zake, waitume mpaka Kigoma, ivuke ziwa, itufikie. Barua iliposomwa, wamama walipiga vigelegele. Kesho yake vijana wakanifuata garaji: “Fundi, juu ya nini wewe unanyamaza?”

Nilinyamaza kwa sababu mimi napenda turbo. Nasema ukweli. Ule mlio wake, kama filimbi ya mbali, nikiusikia kwenye gari la watu naachaka chakula nakwenda kuangalia. Mtu anayependa kitu asipewe haraka kazi ya kukihukumu. Nikasema, ngoja kwanza nihesabu.

Sasa kuna jambo la usiku ule wa mwezi wa tatu. Wengi mnalijua nusu. Mama mwenyewe yuko hapa ndani leo, na ameniruhusu kulisema.

Alikuwa na uchungu siku mbili, mtoto amelala vibaya tumboni. Muuguzi wa kule upande wa Kabambare akaandika karatasi ya kumpeleka hospitali kuu hapa Kasongo. Kutoka Kabambare mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 110, na mvua ilikuwa imenyesha tangu mchana. Tulipofika ule mlima wa udongo mwekundu, jipi ilipanda nusu, ikapiga moshi mweusi, ikachoka. Tukarudi chini. Tukajaribu tena, ikachoka palepale. Tulikaa chini ya ule mlima karibu saa tano. Tulifika hospitali asubuhi, saa mbili. Mama alipona. Mtoto hapana.

Tangu siku ile watu wanasema: “Kama jipi ingekuwa na turbo!” Wameisema sokoni, wameisema kanisani na msikitini, na naona hata ile barua ya Ulaya imetoka mulemule. Nami niliwaacha waseme, kwa sababu ilinifaa.

Kesho yake nilifungua filitre ya hewa. Ilikuwa imejaa vumbi limeshikamana na mafuta, ngumu kama unga uliolowa ukakauka. Katika kiangazi hiyo filitre inaombaka kupulizwa kila wiki. Mara ya mwisho kuigusa ilikuwa kabla ya Noeli. Hilo la kwanza. La pili, ndani ya jipi mlikuwa magunia 6 ya mchele, kila moja kilo 100, na watu 11 zaidi ya mgonjwa. Pigeni hesabu: ni zaidi ya tani moja na kilo 200. Daftari letu linasema jipi ikibeba mgonjwa haibebi mzigo. Ni mimi niliyepandisha yale magunia, juu ya bei ya mazutu, maana mgonjwa halipi na mchele unalipa. La tatu, mazutu yenyewe niliyanunua kwa bido kando ya barabara, na chini ya chujio la mafuta nilikuta maji.

Mwezi wa nne nilipanda mlima uleule. Filitre safi, magunia hakuna, barabara bado ya matope. Ilipanda na gia ya pili bila kusimama. Jipi ni ileile, motere ni ileile.

Nimemwambia mama yule haya maneno kabla ya kuwaambia ninyi. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akaniuliza kama filitre sasa iko safi.

Basi, tuingie kwenye turbo yenyewe, maana wengine mnasikia jina tu.

Motere inakula vitu viwili, mazutu na hewa. Mhunzi anajua: makaa bila mvukuto hayatoi moto wa kulainisha chuma. Motere yetu ya kawaida haina mvukuto, inavuta hewa kwa pumzi yake yenyewe. Turbo njo mvukuto. Ila huu hausukumwi na mtu: moshi unaotoka kwenye motere unazungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo liko kwenye mti mmoja na lingine upande wa pili linaloshindilia hewa safi ndani. Moshi uliokuwa unapotea bure unafanya kazi. Mswisi mmoja, Alfred Büchi, aliandikisha wazo hilo mwaka 1905. Lilianza kwenye motere kubwa kama za meli, halafu mwaka 1962 Wamarekani wakaliweka kwenye magari madogo ya kununuliwa na watu. Siku hizi karibu kila gari jipya la dizeli linazaliwa na turbo.

Shikeni hilo neno, linazaliwa.

Jipi yetu ni Land Cruiser ya aina inayoitwa HZJ78, na motere yake ni 1HZ: silinda sita, lita 4.2, nguvu ya farasi kama 130. Ni ileile mnayoiona kwenye magari ya hospitali na ya mashirika tangu Uvira mpaka Kindu. Haikuzaliwa na turbo. Toyota walitengeneza ndugu yake mwenye turbo, 1HD-T, tangu 1990. Ukiziangalia kwa nje utasema ni mapacha, lita zilezile, silinda zilezile. Lakini ndani si mapacha. Ndugu mwenye turbo anapokea mazutu moja kwa moja juu ya pistoni, na hewa yake inabanwa mara 18 na nusu hivi. Ya kwetu inawasha mazutu kwanza kwenye chumba kidogo cha pembeni, na inabana hewa mara 22 na zaidi. Tayari iko imebana sana. Ukija na turbo juu yake, unaongeza hewa kwenye kifua ambacho kimejaa.

Inawezekana? Inawezekana. Kuna watu wengi duniani wameweka turbo kwenye 1HZ, hasa Australia, na wengine wanatembea nayo miaka. Sitawadanganya kwamba ni uchawi. Lakini wanaofanikiwa wanashindilia kidogo, kama nusu ya bari tu, na wanaweka saa ya kupima joto la moshi mbele ya shofere. Aluminiamu inayeyuka kwenye digrii 660 hivi. Pistoni ni aluminiamu. Moshi wa dizeli yenye turbo, kwenye mlima mrefu na mzigo mzito, unaweza kupita digrii 700. Kinachookoa pistoni ni kwamba mafuta ya motere na ukuta wa silinda vinaipooza kila dakika. Ukizidisha mazutu bila kuona joto, siku moja upoozaji hautoshi.

Hili sikulisoma kwenye kitabu. Mnajua tulivuka ziwa mwaka 1996. Mimi nilikuwa kijana, nikakaa Nyarugusu pamoja na wengi walio humu, na kazi nilijifunzia Kasulu mjini, kwa ruhusa ya kutoka kambini, na siku zingine bila ruhusa, Mungu anisamehe. Mzee aliyenifundisha alikuwa fundi kweli. Alikuja mfanyabiashara wa mahindi na gari lenye motere isiyo na turbo, anataka kuwahi soko la Kigoma kuliko wenzake. Tukamtafutia turbo kwenye gari lililokufa, tukaifunga, na Mzee akakaza bisibisi ya pompi ili mazutu yaongezeke. Jamani! Lile gari liliruka kama swala. Yule bwana alitununulia soda garaji nzima.

Lilitembea wiki sita. Siku ya soko kubwa, mlimani, limejaa, likatoa mlio mmoja kama mtu aliyepiga sufuria, na moshi mweupe. Tulipofungua, pistoni ilikuwa na tundu, kidole changu kiliingia mpaka kwenye kifundo. Msimu wote wa mahindi ulimpita yule bwana. Nami ndiye niliyetumwa kumwambia, maana Mzee alisema mwanafunzi ajifunze na hilo pia. Turbo yenyewe ilikuwa nzima, tukaiuza. Kilichoua ni ile bisibisi, na kukosa saa ya joto. Kila anayeweka turbo anasema hataigusa ile bisibisi. Halafu anafika mlimani, na anaigusa.

Wengine mmeniletea maneno ya mashofere wa Bukavu, kwamba kule gari bila turbo si gari. Ni kweli kabisa, kwa kule. Bukavu iko mita 1,500 hivi juu, na Minembwe inapita 2,000. Hewa ya juu ni nyepesi. Motere isiyo na turbo inapoteza kama sehemu moja ya mia kwa kila mita 100 za kupanda, kwa hiyo Bukavu imeshapoteza 15 hivi kwa mia kabla haijabeba hata kuku. Turbo inairudishia. Sisi hapa hatufiki mita 1,000. Hewa ya Kasongo inatosha, Mungu ametupa bure. Tunakosa barabara.

Angalieni safari ya mwisho ya Kabambare. Tulitumia saa 13. Katika zile saa 13, mguu wangu ulikanyaga mpaka chini kwa muda gani? Sidhani kama ilifika nusu saa. Zilizobaki tulikuwa tunatembea polepole kama mtu anayebeba mayai, tunakata miti ya kutandika, tunachimba chini ya gurudumu, tunangoja kamyo iliyolala mbele yetu itolewe, na tunaongea kwenye vizuizi. Na vizuizi, jamani, hata ungeweka turbo mbili. (Watu walicheka.)

Naomba tena mfikirie vumbi na mafuta. Ule mti mdogo wa turbo unazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Unaelea juu ya utando mwembamba wa mafuta ya motere, njo kitu kinachoushika. Mafuta yakiwa yale ya chupa za sokoni, ambayo hatujui yalitoka kwenye motere ya nani, utando huo unakatika. Bomba la hewa likiwa na ufa mdogo, turbo inavuta vumbi kwa nguvu kuliko pumzi ya kawaida, na vumbi linasaga yale mabawa. Halafu shofere akifika, asizime mara moja, aiache ingurume dakika mbili ipoe. Ninyi mnajua shofere akifika Kasongo saa nne usiku baada ya saa 13 anafanyaka nini. Anazima, anashuka, anatafuta maji ya kunywa. Hata mimi.

Na siku ikifa? 1HZ ya kawaida ikileta shida Salamabila, kuna kijana chini ya mwembe anaifungua. Gasketi ya turbo ataitoa wapi? Gari la mtu tajiri linaweza kulala mwezi mmoja likingoja kipande kutoka Dubai. Letu linatembea kila siku. Jumatatu mgonjwa, Jumanne mchele, Jumatano maiti, samahani kwa kusema hivyo, lakini njo kazi yake.

Sasa nisiwaache na “hapana” peke yake, maana wale vijana wa Ulaya walituma moyo wao.

Kuna kitu kimoja kinanikosesha usingizi kuliko turbo. Motere ya 1HZ ina mkanda unaounganisha sehemu ya juu na ya chini. Unatakiwa ubadilishwe kila kilomita 100,000. Sisi tulinunua jipi ikiwa imeshatumika miaka mingi, na saa yake ya kilomita ilikufa kabla haijafika kwetu. Hakuna mtu katika chumba hiki anayejua ule mkanda una umri gani. Ukikatika tukiwa njiani, valvu zinagonga pistoni, na motere imekwisha palepale, na mgonjwa ndani. Mkanda wenyewe unaingia kwenye mfuko wa koti.

Kwa yale makuta ya turbo, tunapata mkanda na gurudumu lake la kukazia, midomo sita mipya ya kunyunyizia mazutu, filitre za hewa za mwaka mzima, bomba la kupandisha mdomo wa hewa juu ya paa mahali vumbi ni kidogo, chujio la pili la kutenga maji na mazutu, kuosha radiatere, na tirifori ya mkono ya kututoa kwenye matope. Bei sizitaji, Mama Trezoriere anazo, na aliniambia nikitaja bei mbele ya watu nitamtambua. Hivi vitu havina mlio wa filimbi. Hakuna mtu atakayepiga vigelegele akiona chujio la maji. Lakini saa tano zile za chini ya mlima zilitoka humo.

Kama mkutano ukisema bado tunataka turbo, mimi nitaifunga, ni kazi yangu. Ila nitaomba kwanza tupime mbano wa silinda zote sita, maana motere iliyochoka ukiiwekea turbo unaizika. Nitaomba ishindilie nusu ya bari, isizidi. Saa ya joto iwekwe kabla ya turbo, na shofere akiona digrii 650 aondoe mguu, hata kama kwenye jipi mnapiga kelele. Mafuta ya motere yabadilishwe kila kilomita 5,000, ya bido iliyofungwa kiwandani. Na bisibisi ya pompi ifungwe na rangi, ili kila mtu aone kama fundi ameigusa. Hata mimi, hasa mimi.

Baada ya maneno haya watu waliuliza.

Papa mmoja wa Kabambare aliuliza juu ya nini magari mapya ya mashirika yana turbo na yanafika mpaka Kasongo bila kufa. Fundi alijibu: “Papa, yale yamezaliwa nayo. Pistoni zake ni za turbo, kompyuta inaangalia joto kwa niaba ya shofere. Yanakuja na mazutu yao kwenye mapipa yao, na nyuma yao kuna garaji yenye vipande. Ukinipa na mimi vile vyote, nitakuwa wa kwanza kuomba turbo. Na hata hivyo, uliza mashofere wao. Wengine wanalilia 1HZ ya zamani kwa sababu inakunywa mazutu yoyote.”

Kijana mmoja aliuliza tutamwandikia nini ndugu wa Ulaya, asije akakata tamaa. Fundi alisema: “Mwandikieni ukweli, pamoja na habari ya filitre. Mwambieni fundi ndiye aliyesema. Na mtumieni picha ya mkanda wa zamani tukiutoa, ashike mwenyewe.”

Mama Trezoriere aliuliza nani sasa atazuia magunia siku ya mgonjwa, kama bei ya mazutu ni ileile. Hapo palikuwa na mabishano marefu. Wanachama walikubali kwamba kila familia itatoa kitu kidogo kila mwezi kwa mfuko wa mazutu ya wagonjwa, kiasi kitapangwa na kamati. Fundi aliomba funguo za jipi zisikae kwake tena usiku, zikae kwa Mama wa kamati ya wagonjwa, na kwamba yeye asiweze kuondoka na mgonjwa mpaka huyo Mama aangalie nyuma na kusema ndiyo. Mkutano ulikubali. Habari ya turbo imeahirishwa mpaka mbano wa silinda upimwe.

Jipi iko juu ya magogo garaji tangu jana, filitre na radiatere zimetolewa. Itarudi chini siku ya Ijumaa. Mgonjwa akipatikana kabla ya hapo, pikipiki mbili ziko tayari kwa Papa Presida, na mazutu ya bido lililofungwa yapo lita 40, yasiguswe.